Whitney Biennial sio lazima uwe umezaliwa Marekani

Umeuliza kama Whitney Biennial ni mashindano na kama ni ya waliozaliwa Marekani tu. Hapana, ni maonyesho ya sanaa ya sasa, Whitney Museum pale New York wanayafanya karibu kila baada ya miaka miwili, yalianza 1932, makyureta, yaani wale wanaopanga maonyesho, wanazunguka kwenye studio za wasanii kisha wanachagua wenyewe, huombi nafasi kama kazi. Na kuzaliwa kwingine sio kizuizi, 2019 Wangechi Mutu wetu wa Nairobi alikuwemo na zile sanamu zake za Sentinel, kama wanawake wamesimama wima, kazitengeneza kwa udongo mwekundu na karatasi iliyopondwa na mbao, yaani ukiangalia ile ngozi unaona kabisa ni udongo wa nyumbani.

Ila kama unataka kuelewa kwa nini watu huwa wanagombana sana kila yakifika soma ya 1993. Msanii Daniel Joseph Martinez alibadilisha vile vibeji vya kiingilio, kila mgeni akawa anavaa kipande cha sentensi inayosema siwezi hata kuwaza kutaka kuwa mzungu. Wengi walikasirika kweli, mimi naona ndio mwaka wao bora.