Revenge of the Ninja: baki na kopi ya kaseti au nunua Blu-ray?

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kununua Blu-ray ya Revenge of the Ninja ya 1983 wakati tayari una kopi iliyotolewa kwenye kaseti. Nunua kaka, tena usisite. Ile muvi ninja kavaa nyeusi tii na yuko gizani, kaseti haina uwezo wa kushika giza hata kidogo, unaona tope tu linatembea halafu ghafla mtu kaanguka, wala hujui kapigwa na nini. Kwenye Blu-ray unamuona Sho Kosugi, yule staa anayecheza ninja, mikono inavyokwenda, na kile kinyago cha fedha cha adui yake unakiona vizuri kabisa.

Ila usitegemee ing'ae kama muvi ya juzi, hii ilipigwa kwa filamu na bajeti ya Cannon, kampuni iliyotengeneza muvi hii, haikuwa kubwa, zile punje ndogondogo zinazocheza kwenye picha ndio filamu yenyewe, kwa hiyo zima kabisa ile setingi ya TV ya kulainisha picha maana inafanya sura za watu ziwe kama nta.

Kitu kingine, angalia zoni kabla hujalipa, yaani ile herufi inayoonyesha diski inasomeka kwenye deki za sehemu gani ya dunia. Diski za Marekani mara nyingi ni zoni A, deki za Blu-ray za huku kwetu Afrika ni B, mimi nilishaletewa diski ikagoma kusoma, iliniuma sana. Tafuta deki ya zoni zote kwanza.