Namba 4,294,967,297: tasa au si tasa?

SWALI: Tumepewa namba 4,294,967,297 tuseme kama ni tasa. Nimeigawanya kwa 3, 7, 11, 13, nikaendelea hadi nikapita 100, na kila mara kuna baki. Mwenzangu aliandika programu, nayo ikamwonyesha namba hiyo kuwa ni 1! Kosa liko wapi? Je, kuna njia fupi?

JIBU: Si tasa. Ni 641 × 6,700,417. Hesabu yako ilikuwa sahihi, ila uliachia njiani. Ukijaribu tasa zote hadi kwenye kipeuo cha pili, yaani karibu 65,536, utakuta ziko 6,542, na 641 ni ya 116.

Njia fupi imo ndani ya namba yenyewe: ni 2³² + 1. Tasa p ikiigawanya bila baki, basi 2³² ukiigawa kwa p inabaki p − 1, ambayo ni sawa na −1. Zidisha yenyewe kwa yenyewe: 2⁶⁴ inabakiza 1, na hakuna kipeo kidogo kuliko 64 kinachofanya hivyo. Kwa hiyo lazima p − 1 igawanyike kwa 64. Tasa za aina hiyo ni 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano tu, umefika! Mwanahisabati Fermat aliona 3, 5, 17, 257 na 65,537 (yaani 2 kwa kipeo 1, 2, 4, 8 na 16, ukijumlisha 1) ni tasa, akaamini mfululizo wote, pamoja na namba yenu, uko hivyo. Mwanahisabati mwingine, Euler, akaipata 641 mwaka 1732.

Unapogawanya kwa mkono, angalia hapa. 4294 kwa 641 ni 6, baki 448. Shusha 9: 4489 ni 7, baki 2. Shusha 6, unapata 26: andika 0. Shusha 7, unapata 267: andika 0 tena. Wengi huziruka sifuri hizi mbili wakapata 67,417. Endelea: 2672 ni 4, baki 108, 1089 ni 1, baki 448, 4487 ni 7 kamili.

Je, 6,700,417 nayo ni tasa? Ndiyo. Mwanahisabati Lucas alionyesha kwamba p − 1 lazima igawanyike hata kwa 128, basi chini ya kipeuo chake, 2,588, zimebaki 257, 641, 769, 1153 na 1409. Ukiigawa 6,700,417 kwa hizo, baki ni 170, 44, 120, 334 na 622.

Programu ya mwenzako imetumia biti 32 (nafasi 32 za 0 au 1), ambazo mwisho wake ni 4,294,967,295. Ikizidi hapo inaanza upya kwenye 0, ndiyo maana namba yenu ikawa 1. Atumie biti 64.

Tena asiipime kwa kukuza 2 hadi kipeo N − 1 na kugawa kwa N (N ni namba yenu): hapo inabaki 1, kama kwa tasa halisi. Akitumia 3, baki ni 3,029,026,160, na hapo utasa umekanushwa.