Utulivu Huandaliwa Kabla ya Shinikizo

Mtu ambaye maji yamemfika shingoni akiambiwa atulie, aghalabu huzidi kupandwa na hasira, na simlaumu. Anatakiwa afanye kwa hiari jambo ambalo mwili wake umekwisha kulikataa kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Nimefanya kazi ya uhariri wa habari kwa miaka mingi, kazi ambayo kila siku ina saa yake ya mwisho, na sehemu ya miaka hiyo nilikuwa nikimuuguza mama yangu. Nilichojifunza katika hali zote mbili ni kwamba utulivu hautafutwi shinikizo likiwa limekwisha kufika. Huandaliwa mapema, kwa kukata shauri juu ya mambo machache ambayo hutayajadili tena moyo ukianza kwenda mbio.

Hata hivyo, tuanze na mwili, kwa sababu ndio unaotangulia. Mwanasayansi wa Marekani Walter Cannon alieleza mwaka 1915 namna kiumbe aliyetishwa anavyojiweka tayari kupigana au kukimbia: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, mapigo ya moyo huongezeka, sukari huzidi katika damu, na damu hupunguzwa tumboni ili ipelekwe kwenye misuli. Maandalizi hayo yanamfaa anayekimbia, lakini hayamsaidii hata kidogo anayetakiwa kuketi kitini na kuamua kama aya ya tatu ibaki au iondolewe. Kwangu mimi dalili ni zile zile siku zote: mabega hupanda taratibu kuelekea masikioni, meno huumana, na hujikuta ninarudia kusoma sentensi moja bila kuambulia kitu. Nikifika hapo huondoa mikono kwenye kibodi na kupumua kwa namna maalumu, yaani kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa polepole kwa hesabu ya sita au zaidi. Sababu yake haina mwujiza wowote. Mapigo ya moyo huongezeka kidogo tunapovuta pumzi na kupungua tunapoitoa, kwa kazi ya neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Kwa hiyo mwenye kurefusha kutoa pumzi anautumia mfumo ambao mwili wake ulikuwa nao tangu awali. Pumzi hazitatui tatizo, na anayedai kuwa zinatatua anatia chumvi. Zinachofanya ni kukurudishia akili ya kulitazama tatizo hilo.

Akili ikisharudi, itakuta nini cha kushika? Hapo ndipo mashauri mengi kuhusu utulivu huishia, nami naona hapo ndipo mambo yanapoanza. Tarehe 15 Januari 2009, ndege iliyokuwa imeruka punde kutoka uwanja wa LaGuardia jijini New York iligongana na kundi la ndege wa porini, na injini zake zote mbili zikapoteza nguvu. Rubani Chesley Sullenberger aliitua juu ya maji ya mto Hudson, na watu wote 155 waliokuwamo wakanusurika. Tangu kugongana na ndege wale hadi kugusa maji zilipita dakika tatu na nusu hivi. Watu humsifu kwa kutoogopa, ilhali yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwili wake ulishtuka vibaya sana. Tofauti ni kwamba alikuwa na saa karibu 20,000 za urubani nyuma yake, na taratibu za kazi alizokuwa amezifanyia mazoezi wakati ambapo hapakuwa na hatari yoyote. Hofu ilikuwapo kama kwa mtu mwingine yeyote, lakini haikuikuta nyumba tupu.

Sisi wengine hatutui ndege mtoni, lakini tunaweza kuazima utaratibu huo. Katika chumba chetu cha habari tulikubaliana zamani, siku ya kawaida isiyo na pilikapilika, kwamba tuhuma dhidi ya mtu haichapishwi kabla mtuhumiwa hajapewa nafasi ya kujibu, na kwamba kila ukurasa uwe na habari ya akiba iliyokwisha kuhaririwa. Usiku mmoja mwandishi kijana aliniletea habari nzito, ukurasa ukiwa bado wazi na wachapaji wakipiga simu kuuliza. Mtuhumiwa alikuwa hajatafutwa kabisa. Niliitoa habari ile na kuingiza ya akiba, huku kijana amesimama nyuma ya kiti changu.

"Mhariri, wenzetu watatuwahi," alisema kwa uchungu.

"Watuwahi tu, mwanangu. Mtafute mtu huyo asubuhi, ndipo tuitoe."

Sikuwa na ujasiri wa pekee usiku ule. Uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa miezi mingi nyuma, na kazi yangu ilikuwa kuutii tu.

Kanuni za kazi, hata hivyo, hazijibu swali la kwa nini mtu ajitwishe mzigo huo. Nimewaona watu wenye kazi nyepesi wakichanganyikiwa kila wiki, na wengine wenye majukumu ya kuvunja mgongo wakiyabeba bila kelele, nami nikaamini kwamba uzito wa mzigo si jambo pekee; ni lazima pia mtu ajue anampelekea nani. Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna, alifungwa katika kambi za Wanazi kuanzia mwaka 1942 hadi 1945, akapoteza wazazi, kaka na mke. Mswada wake aliokuwa ameingia nao Auschwitz, mojawapo ya kambi hizo, ulipotea huko, na hamu ya kuuandika upya ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyomshikilia. Wapo wanaomsoma kana kwamba alisema mwenye lengo hawezi kuangamia. Hakusema hivyo, alikiri kwamba waliokuwa bora kuliko wote hawakurudi. Alichodai ni kidogo zaidi na, kwa maoni yangu, ni cha kweli zaidi: kwamba mateso yasiyoepukika huweza kubebwa kwa namna tofauti mtu anapokuwa na kitu au mtu anayemngoja.

Nilipokuwa nikimuuguza mama, jambo hilo lilinisaidia kupanga siku zangu kuliko ratiba yoyote. Nilijua kwamba jioni ni zake, hivyo simu za kazi zilizoingia wakati ninamlisha ziliachwa ziite. Baadhi ya wenzangu walikasirika, nami sikuwashangaa. Ila nilikuwa nimekwisha kujiuliza ni lawama ya nani ambayo ningeweza kuishi nayo, na jibu halikuwa gumu. Shinikizo lililobaki lilikuwa langu kweli, na lile ambalo si langu lilinichosha kidogo kuliko zamani.

Niseme pia kwamba si kila shinikizo ni la kustahimiliwa. Kazi ya watu wanne ikipewa mtu mmoja, dosari iko katika mgawanyo wa kazi, na kumfundisha huyo mmoja kupumua ni kumtuliza ili aendelee kuonewa. Vilevile, anayekosa usingizi kwa wiki nyingi, au ambaye hata mambo aliyoyapenda hayamgusi tena, aende kwa daktari asikilizwe badala ya kujilaumu kuwa hana subira.

Kwa waliobaki, wenye mzigo mkubwa lakini unaobebeka, ninalo jambo moja la kujaribu. Mkuu wako akikuletea kazi mpya juu ya zile ulizo nazo, usikatae na usikubali papo hapo. Mwonyeshe orodha ya ulizo nazo na umwombe akuambie ipi iwekwe kando ili hii ipate nafasi. Mimi huuliza kwa heshima, nikiwa nimeshika kalamu tayari kuandika jibu lake. Mara nyingi hubainika kwamba kazi mpya inaweza kungoja hadi Alhamisi.