Mjomba Santuri Anajibu: Picha Sikuiona, Wimbo Naujua

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba filamu ikiwa na wimbo mbovu, hata stelingi awe hodari namna gani, mimi nasinzia. Wasomaji kadhaa wamenitukana kwa adabu, na wengine wameleta maswali. Nimechagua barua nne.

*Mjomba, shikamoo. Mimi ni fundi simu Morogoro, na kutwa nafanya kazi huku nimewasha nyimbo za filamu. Jirani yangu wa kibanda cha pili ananicheka. Anasema huo si muziki bali tangazo la picha, ukiondoa picha hakuna kitu. Halafu kuna jambo linanitatiza: ule wimbo wa mluzi wa filamu ya makauboi, The Good, the Bad and the Ugly, niliopakua kwenye simu haufanani na ule wa kwenye filamu. Nimeibiwa? – Fundi Simu, Morogoro*

Marahaba, mpwa wangu. Kama uliibiwa basi mwizi wetu ni mmoja, maana mimi wimbo huohuo nimeishi nao zaidi ya miaka kumi.

Nianze na jirani yako. Nimekulia Msasani, Dar es Salaam, karibu na Drive-in, ile sinema ya magari iliyofunguliwa 1966, pale ulipo ubalozi wa Marekani siku hizi. Kuingia kulitaka gari, na baba yangu alikuwa na baiskeli. Kwa hiyo sisi watoto tulikaa nje kwenye majani, nyuma ya lile pazia kubwa, tukitazama mgongo wake. Picha hatukuiona hata chembe. Tulichopata ni sauti. Kila gari lilikuwa na kispika chake kidogo kimetundikwa dirishani, na vyote vililia kwa pamoja, kila kimoja na mkwaruzo wake, upepo wa bahari ukiichukua sauti na kuirudisha. Maneno ya Kiingereza yalitufikia vipande vipande. Ngumi zilitufikia kama mtu anakung'uta godoro. Kilichofika kizima ni muziki. Ndiyo maana mpaka leo zipo filamu ambazo ukinionyesha nitakuambia sijawahi kuziona, ila ukinipigia wimbo wake nitauimba mpaka sehemu ya tarumbeta. Mwambie jirani yako kwamba mimi picha niliondolewa tangu siku ya kwanza, na kitu kilibaki.

Chukua wimbo wa Goldfinger, filamu ya jasusi James Bond ya 1964. Aliyeimba ni Shirley Bassey, binti wa Cardiff ambaye baba yake alitoka Nigeria, na muziki ni wa John Barry. Lile neno la mwisho la wimbo analivuta, analivuta, mpaka unahisi kifua chako mwenyewe kinabana. Nyuma ya pazia tulikuwa na mchezo wa kulivuta pamoja naye. Atakayekata pumzi kwanza, kesho asubuhi anawabebea wenzake ndoo za maji. Nilibeba ndoo nyingi. Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma sababu ya mvuto ule: Bassey alikuwa studio anaimba huku majina ya waigizaji yakipita mbele yake kwenye kioo, na Barry hakumruhusu aachie mpaka majina yaishe. Mwenyewe amesimulia kwamba alikaribia kuzimia. Sasa niambie, mtu ambaye hajaona hata jina moja likipita, yuko gizani Msasani na mbu wake, anaukumbuka wimbo huo hadi leo. Hilo ni tangazo la nini?

Sasa mluzi wako. Nilinunua kaseti yangu Kariakoo, kwa muuzaji ambaye jina lake silitaji maana pengine wajukuu zake wanasoma gazeti hili. Jalada lilikuwa na kauboi na sigara yake. Nikaipiga mpaka utepe ukalegea, nikawa naukaza kwa kalamu. Miaka ya tisini nikaingia kibanda umiza kimoja Manzese, wanaonyesha filamu yenyewe. Wimbo ukaanza. Nikamgeukia aliyekaa kando yangu nikamwambia, "Hawa wamebadilisha muziki." Akanitazama, hakunijibu.

Aliyekuwa na wimbo wa bandia ni mimi. Muziki wa filamu ile ni wa Mtaliano Ennio Morricone, wa 1966. Kilichokuwa kwenye kaseti yangu, na bila shaka kwenye simu yako, ni wimbo huohuo uliopigwa upya na Mmarekani Hugo Montenegro, nao mwaka 1968 ulishika namba moja Uingereza na namba mbili Marekani. Ndiyo uliozagaa duniani, na kaseti nyingi za mitaani zilinakili huo. Kuzitofautisha ni rahisi. Ukisikia ngoma zinakwenda kama za dansi, na nyuma yake mwanamume ananguruma maneno yasiyo na maana, huyo ni Montenegro, na mngurumo ni wake mwenyewe.

Wa Morricone ni mkavu zaidi. Ile sauti fupi ya mwanzo imetungwa kuiga mlio wa mbwa mwitu wa jangwani, na anaitumia kwa watu watatu wa hadithi. Mwema anapewa filimbi, mbaya anapewa okarina, kile chombo cha udongo cha kupuliza, na yule wa tatu anapewa sauti za binadamu. Mluzi ni wa Alessandro Alessandroni, ambaye pia alikuwa mpiga gitaa. Ukishalijua hili, unaweza kufumba macho ukamjua anayeingia. Mimi nilifurahi nusu ya kulia, maana hiyo ndiyo namna niliyozoea kutazama sinema.

Na jambo moja dogo: Morricone na mwongozaji Sergio Leone walikaa darasa moja shule ya msingi. Walipofanya filamu yao ya 1968, Once Upon a Time in the West, muziki ulitungwa kabla ya kamera kuwashwa, ukawa unapigwa pale waigizaji wanapoigiza, wao wakiufuata. Kwa hiyo mkumbushe jirani kwamba wakati mwingine picha ndiyo iliyokuwa tangazo la wimbo.

*Mjomba, shikamoo. Nyanya yangu hapa Mombasa, nikiweka filamu ya Kihindi ya zamani, anaimba wimbo ule ule kwa Kiswahili, beti nzima, hata kabla mwigizaji hajafungua mdomo. Nikimwambia kwamba watu wetu waliiga, ananuna mpaka Isha. Nani alimwiga nani? – Mjukuu wa Majengo*

Marahaba, mwanangu. Nyanya anaimba nyimbo za Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab wa Mombasa, na wewe muombe radhi kabla ya yote.

Mahadhi yalitoka Bombay, hilo halina ubishi. Mohamed Khamis Juma Bhalo alikuwa na sauti ya kuweza kumfuata Mohammed Rafi, mwimbaji wa filamu za Kihindi, popote alipopanda, na wapenzi wa sinema Mombasa walitaka kusikia zile nyimbo za kwenye picha harusini kwao. Lakini angalia maneno. Bhalo hakuwa akifasiri Kihindi. Mashairi mengi aliandikiwa na binamu yake, malenga Ahmad Nassir, Kiswahili cha Mombasa kilichokomaa, chenye vina na mafumbo, na kila neno limekaa juu ya mahadhi ambayo hayakutungwa kwa ajili yake. Jaribu wewe. Chukua wimbo wowote wa Kihindi utie shairi la mizani lisikwae hata mara moja. Nimejaribu jikoni kwangu, nikaishia ubeti wa kwanza.

Na vyombo navyo. Kuna kinanda, kuna tabla, na kuna tashkota, kile chombo cha nyuzi kilichotoka Japani chenye vibonyezo kama mashine ya taipu. Wimbo wa Bombay, chombo cha Japani, shairi la Mvita. Wapo ambao hawakupendezwa. Zein l'Abdin, mwimbaji mwingine wa taarab, na udi wake alishika njia nyingine kabisa, na mabishano kati ya wapenzi wa pande mbili hizo yaliunguza chai nyingi mezani. Mimi nasikiliza wote wawili, ila Bhalo namsikiliza usiku.

Kwenye filamu zenyewe anayefungua mdomo siye anayeimba, nadhani unalijua hilo. Sauti ni ya Rafi, au ya Lata Mangeshkar, au ya Kishore Kumar, na mwigizaji anafuatisha midomo tu. Kwa hiyo kule Bombay kwenyewe wimbo ulikuwa umeshaazimwa mara moja kabla haujapanda jahazi.

Tena mpe nyanya habari hii akituliza hasira. Ule muziki wa James Bond, gitaa lile la kunyatia lililoanza na filamu ya 1962, uliandikwa na Monty Norman. Aliutoa kwenye wimbo aliokuwa ameutunga kwa ajili ya mchezo wa jukwaani wa A House for Mr Biswas, riwaya ya V.S. Naipaul kuhusu Wahindi wa Trinidad. Ulikuwa na ladha ya Kihindi kabisa. Akazikatakata noti, John Barry akaupanga upya, Vic Flick akaupiga kwa gitaa la umeme, na jasusi wa Malkia akapata wimbo. Hakuna aliyenuna.

*Mjomba, unatuandikia Wazungu na Wahindi tu. Bendi yako ni ipi, Sikinde au Msondo? Usikwepe. Na kwa nini bendi zetu hazikutuachia nyimbo za filamu? – Mzaramo Asiyekwepa, Temeke*

Sikinde. Haya, choma nyumba yangu.

Nasema Sikinde kwa sababu ya wapulizaji. Walipoanza 1978 kwa jina la Mlimani Park, ilikuwa kama mtu amefungua dirisha: saksafoni na tarumbeta hazigombani na gitaa la solo, zinasubiri zamu, zinajibu, halafu chemko, ile sehemu ya kuchezea, linapoingia zote zinakwenda kama watu wanaokimbilia basi moja. Msondo nawaheshimu kwa umri, maana mizizi yao ni NUTA Jazz ya 1964, na kwa Muhidin Maalim Gurumo, ambaye kwa bahati njema aliwahi kuimba pande zote mbili, kwa hiyo sihitaji kumkosa popote.

Swali lako la pili ni zito kuliko la kwanza. Jibu langu ni hili: wimbo wa dansi la kwetu ni filamu tayari. Wimbo wa filamu unataka dakika tatu uwe umemaliza. Dakika tatu, Sikinde bado wanamtambulisha mgonjwa, mke hajafika hospitali, na mashemeji wako njiani kutoka Tanga. Nyimbo zilitungwa kwa ajili ya ukumbi uliojaa mpaka usiku wa manane, zikarekodiwa Radio Tanzania, na kila msikilizaji akajichorea picha yake mwenyewe. Mwongozaji angeweka wapi kamera?

Jirani zetu walioingia kwenye filamu waliingia na miili yao. Papa Wemba, mwimbaji wa Kongo, aliigiza La Vie est belle ya 1987, kijana wa kijijini anayekuja Kinshasa kutafuta muziki, na ukimtazama hujui anapoishia mwigizaji na kuanzia mwimbaji. Oliver Mtukudzi aliitungia muziki Neria ya Zimbabwe, akaigiza humohumo. Wimbo ule wa mjane nimeuona ukiwaliza kina mama wasiojua Kishona hata neno moja, kwenye daladala, saa mbili asubuhi. Hao wawili ningewapa nafasi ya kwanza mbele ya Bond wote.

*Mjomba, naoa mwezi ujao hapa Dodoma. Mimi nataka kuingia ukumbini na Eye of the Tiger, mchumba anataka Kuch Kuch Hota Hai. Kamati imegawanyika. Tuamue. – Bwana Harusi Mtarajiwa*

Mchumba ameshinda, na nakueleza kwa nini.

Wimbo wako una historia ya ngumi. Sylvester Stallone, stelingi wa filamu za Rocky, alitaka kutumia wimbo wa Queen, Another One Bites the Dust, kwenye Rocky III, akakosa ruhusa, akawapigia bendi ya Survivor ya Chicago. Wakatumiwa mkanda wa filamu, na Jim Peterik akakaa na gitaa akitazama mabondia, akijaribu kila ngumi inapotua naye apige. Ndizo zile *dam! dam-dam-dam!* za mwanzo. Mwaka 1982 ulikaa namba moja Marekani wiki sita, na ni wimbo mzuri sana. Ila hauwezi kutembewa. Baina ya pigo na pigo kuna ukimya, na katika huo ukimya hutajua miguu uiweke wapi. Nimemwona bwana harusi mmoja akiingia nao. Alikuwa anasimama, anaruka kidogo, anasimama tena, watu wa nyuma wakadhani ana kokoto kiatuni.

Wimbo wa mchumba, wa filamu ya Kihindi ya 1998, uliotungwa na Jatin na Lalit, unatembeka. Sauti ya Alka Yagnik na ya Udit Narayan zinapokezana, kwa hiyo mmoja wenu aanze akiingia na sauti ya kwanza, na mwenzake ampokee katikati ya ukumbi sauti ya pili inapoingia. Fanyeni mazoezi mara mbili na MC awepo, maana MC wengi hupenda kukata wimbo ili waongee.

Eye of the Tiger mwachie mpishi aingizie ndafu.