Maswali ya Wasomaji: Hisa za Mwenzenu Anayeondoka, na Mengine ya Kampuni Changa

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu walioanza vizuri, kisha wakafika mahali ambapo maelewano ya mdomo hayatoshi tena. Tumechagua nne. Kiasi cha fedha katika majibu ni cha mfano tu. Weka sarafu unayotumia, hesabu itabaki ileile.

SWALI: Ndugu wahariri, tulianzisha kampuni watu watatu, tukagawana hisa sawa kwa sawa. Mmoja wetu, ambaye ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu yetu, amepata ajira na anaondoka baada ya kufanya kazi nasi miezi 7. Anasema theluthi yake ni haki yake. Tufanyeje?

JIBU: Kama hisa zilisajiliwa kwa jina lake bila sharti lolote, ni zake kweli, na ninyi wawili hamwezi kukaa kikao mkazifuta. Kilichobaki ni kuzungumza naye, na hoja mnayo. Mwekezaji makini akikuta theluthi nzima ya kampuni iko kwa mtu asiyefanya kazi, mara nyingi hurudi alikotoka, maana anajua waliobaki watachoka kubeba mzigo wa watu watatu. Bila mtaji, theluthi yake inaweza isiwe na thamani yoyote. Mwelezeni hivyo kwa utulivu, bila vitisho.

Kisha wekeni pendekezo lenye namba. Tuseme kampuni ina hisa 9,000,000, kila mmoja 3,000,000. Utaratibu uliozoeleka ni hisa za mwanzilishi kupatikana kidogo kidogo kwa miaka 4, yaani miezi 48, kwa hiyo kila mwezi wa kazi ni hisa 62,500. Miezi 7 inampa 437,500. Kampuni ikizinunua 2,562,500 zilizobaki kwa bei ileile aliyozilipia na kuzifuta, atakuwa na takriban asilimia 6.8. Hilo ni fungu la heshima, na halimtishi mwekezaji. Kwa utaratibu huohuo, anayeondoka kabla ya kutimiza miezi 12 kwa kawaida haondoki na kitu, lakini ninyi hamkuliandika sharti hilo. Msimdai leo kana kwamba aliwahi kulikubali.

Ninyi wawili sainini utaratibu huo wa kupata hisa kidogo kidogo, pamoja na sharti la miezi 12, wiki hii, kabla ya lolote jingine.

Kuna jambo linalotutia wasiwasi kuliko hisa, nalo ni programu yenyewe. Katika nchi nyingi, aliyeandika kitu bila kuwa mwajiriwa, na bila kusaini hati ya kukabidhi haki, anabaki mmiliki wa alichoandika. Mwanasheria wa mwekezaji wenu ataiulizia hati hiyo mapema kabisa. Saini yake ya kukabidhi haki ipatikane pamoja na makubaliano ya hisa, siku moja, kwenye meza moja. Kesho yake hakikisheni jina la tovuti, akaunti ya seva na akaunti ya malipo zimeandikishwa kwa kampuni. Barua pepe yake binafsi isibaki kuwa ndiyo inayopokea ujumbe wa kubadilisha nywila.

SWALI: Tumepokea fedha kwa hati za SAFE (mwekezaji anatoa fedha sasa, hisa anapewa katika awamu ijayo ya uwekezaji) kutoka kwa wawekezaji wawili: mmoja 200,000 kwa kikomo cha thamani, yaani thamani ya juu kabisa ya kampuni itakayotumika kuhesabu hisa zake, cha 2,000,000, mwingine 300,000 kwa kikomo cha 3,000,000. Sasa mwekezaji wa tatu anataka kuweka 1,000,000 kwa thamani ya 4,000,000 kabla ya fedha zake, na anataka hifadhi ya hisa za wafanyakazi ya asilimia 10. Nimejumlisha 10, 10 na 20, nikaona waanzilishi tunabaki na 60. Nipo sahihi?

JIBU: Jibu ni asilimia 56, na inafaa uone zilivyopatikana.

Kwanza angalia toleo la hati. SAFE ilitolewa na Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza katika kampuni changa, mwaka 2013, na mwaka 2018 wakatoa toleo ambalo kikomo chake kinahesabiwa baada ya fedha zote za SAFE kuingizwa. Majibu haya yanahusu toleo hilo la pili. Kwenye toleo la kwanza, asilimia ya kila mmoja haijulikani mpaka hati zote zigeuzwe hisa, na hapo ndipo wengi hupigwa na butwaa.

Kwa toleo la pili, 200,000 gawanya kwa 2,000,000 ni asilimia 10, na 300,000 gawanya kwa 3,000,000 ni asilimia 10. Jumla ni 20, kwa hiyo mkiwa mlangoni mwa awamu hii mna 80. Angalia pia kwamba upungufu huo unawaangukia waanzilishi peke yenu: mwenye SAFE ya kwanza hakupunguziwa chochote na ujio wa wa pili. Kila hati mpya mnayosaini inakatwa kwenye fungu lenu.

Mwekezaji wa tatu anaweka 1,000,000, thamani inakuwa 5,000,000, anapata asilimia 20. Hifadhi ya wafanyakazi ni 10 ya kampuni baada ya fedha zake kuingia. Jumla 30. Hizi zinawapunguza wote waliotangulia kwa uwiano mmoja: 80 yenu mara 0.7 ni 56, na 20 ya wenye SAFE mara 0.7 ni 14. Kosa lako lilikuwa kujumlisha asilimia za hatua mbili tofauti kana kwamba zimetolewa kwenye kampuni ileile, halafu ukaisahau hifadhi. Bila hifadhi mngebaki na 64.

Tazama sasa bei ya hisa moja, maana hapo ndipo ukweli wa ile 4,000,000 unapoonekana. Tuseme waanzilishi mna hisa 8,000,000. Wenye SAFE wanapata 1,000,000 kila mmoja, wa kwanza kwa 0.20 kwa hisa, wa pili kwa 0.30. Jumla ni 10,000,000. Hifadhi ya asilimia 10 ya kampuni yenye thamani ya 5,000,000 ni sawa na 500,000, na kwa masharti ya kawaida inatolewa ndani ya ile 4,000,000. Kwa hiyo mwekezaji anaithamini kampuni iliyopo leo kwa 3,500,000, yaani 0.35 kwa hisa. Ofa ya 3,800,000 yenye hifadhi ya asilimia 5 ingewafaa zaidi: 5 ya 4,800,000 ni 240,000, nanyi mngebaki na 3,560,000.

Ndiyo maana tunashauri mjadiliane ukubwa wa hifadhi kwa orodha mkononi. Andikeni nafasi mtakazojaza katika miezi 18 ijayo na asilimia ya kila nafasi. Jumla ya orodha ikifika asilimia 6, ombeni 6 au 7. Asilimia 10 ni namba ya mazoea, na mwekezaji huilegeza akiona mpango wa kweli.

SWALI: Tuna huduma inayolipiwa 10 kwa mwezi. Mwezi uliopita tulitumia 6,000 kwenye matangazo, tukapata wateja 150 wanaolipa. Ni 40 kwa mteja, na tunazirudisha kwa miezi 4. Tuongeze matangazo mara tatu?

JIBU: Hapana, bado. Kuna anayeyaendesha matangazo hayo, naye analipwa. Tuseme mshahara wake na zana zake ni 3,000 kwa mwezi. Gharama ya kumpata mteja ni 9,000 gawanya kwa 150, yaani 60.

Pia ile 10 haibaki yote. Ondoa seva, makato ya malipo na huduma kwa wateja. Zikifika 4, kinachobaki ni 6. Sasa miezi 4 imekuwa 10.

Hata hiyo 10 inadhani hakuna mteja anayeondoka. Chukua wateja 100 wa mwezi mmoja na uwafuatilie wao tu, bila kuwachanganya na wapya. Wakiwa wanaondoka asilimia 8 ya waliobaki kila mwezi, mwezi wa pili wanalipa 92, wa tatu karibu 85, na kuendelea. Ukijumlisha 6 ya kila aliyebaki, zile 60 za kila mteja hazitimii mpaka mwezi wa 20. Katika maisha yake yote mteja wa wastani anakuachia 6 gawanya kwa 0.08, yaani 75. Umetoa 60 kupata 75, tena kwa kusubiri. Kuongeza matangazo katika hali hiyo ni kutwanga maji kwenye kinu. Wengi katika kazi hii hutaka angalau mara 3 ya gharama.

Sasa punguza wanaoondoka kutoka asilimia 8 hadi 4. Mteja yuleyule anakuachia 150, bila senti moja ya tangazo. Ndiyo maana juhudi za miezi miwili ijayo ziende huko. Wapigie simu watu 15 walioacha kulipa, uwaulize walikuwa wakifanya nini siku ya mwisho walipoitumia huduma. Usiwaulize kama waliipenda, watakujibu kwa adabu. Kagua pia kadi zilizokataliwa: sehemu ya wanaohesabiwa kuwa wameondoka ni watu ambao malipo yao yalishindikana tu, na kujaribu tena baada ya siku chache pamoja na ujumbe mmoja huwarudisha baadhi.

SWALI: Barua ya masharti inasema mwekezaji, ambaye ataweka 1,000,000 kwa asilimia 20, atarudishiwa fedha zake kwanza "kisha atashiriki". Pia tusizungumze na mwekezaji mwingine kwa siku 90. Tusaini?

JIBU: Neno "kisha atashiriki" lina bei. Kampuni ikiuzwa 3,000,000, kwa sharti la kawaida mwekezaji anachagua: arudishiwe 1,000,000 au achukue asilimia 20, ambayo ni 600,000. Atachukua 1,000,000, wengine mnabaki na 2,000,000. Kwa sharti lenu anachukua 1,000,000, halafu asilimia 20 ya 2,000,000 iliyobaki, jumla 1,400,000. Ombeni neno hilo liondolewe. Akikataa, ombeni ukomo: jumla ya anachopokea isizidi mara 2 ya alichoweka, na juu ya hapo achague asilimia yake.

Siku 90 ni nyingi mno. Siku 30 zinamtosha mtu aliyedhamiria kukagua kampuni ndogo, na 45 ndizo za mwisho kukubali. Kabla ya kusaini pigeni hesabu ya fedha zilizopo benki: kama mna 120,000 na kila mwezi mnatumia 30,000 zaidi ya mnachoingiza, mna miezi 4. Miezi 3 ya kufungiwa mlango ingewaacha na mwezi mmoja wa kutafuta mwingine, naye mwekezaji analijua hilo atakapotaka kubadili bei dakika za mwisho.