Dishi au kebo kwa kurekodi HD?

Ndugu yangu wa Ntinda, umeuliza uchukue dishi au kebo ili urekodi mechi kwa HD ukiwa kazini. Mi nakwambia picha si tatizo, zote mbili zinatoa safi tu, tatizo ni mvua. Dishi nyingi za huku zinapokea mawimbi ya Ku, yale ya juu ya gigahezi 10, na mvua kubwa inayameza kabisa, sasa wewe unajua radi za Kampala ziwa likichafuka, unarudi jioni unakuta rekodi imekatika dakika ya 70, inauma sana. Kebo haijali mvua, lakini kwanza hakikisha inafika mtaani kwako, huku kwetu Mbale mi sina uchaguzi ni dishi tu.

Ukichukua dishi, ng'ang'ania dikoda yenye tyuna mbili (vile vifaa vya ndani vya kunasa chaneli) na LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) ya matundu mawili, la sivyo ukirekodi chaneli moja mara nyingi huwezi kuangalia nyingine. HD ya megabiti 8 kwa sekunde inakula kama GB 3.6 kwa saa, kwa hiyo diski ya GB 500 inakutosha. Na weka UPS, ile betri ya akiba, umeme ukienda hata kebo haikuokoi.