Maswali na Majibu: Ndoo na Vitambaa Kwanza, Chupa Baadaye

Swali: Nimepata gari langu la kwanza, jeusi, lililoagizwa kutoka Japani, na ninakusudia kuliosha mwenyewe nyumbani Umoja, Nairobi. Nimetenga shilingi 5,000 za vifaa. Nianze na nini?

Jibu: Hongera, ndugu. Anza na vitu vinavyoigusa rangi, kisha ndipo uwaze vinavyomiminwa juu yake. Rangi ya gari la kisasa imefunikwa na tabaka angavu ambalo mafundi wetu huliita klia, na tabaka hilo kwa kawaida lina unene wa mikroni 35 hadi 50 tu. Itakubidi upange matabaka 20 au zaidi ndipo upate milimita moja. Ile mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui, inayojitokeza jua linapopiga boneti, huletwa zaidi na chembe za mchanga zinazoburutwa na kitambaa kichafu, na gari jeusi haliifichi hata kidogo.

Nunua ndoo 2 za lita 15 hadi 20, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu kila unapomaliza sehemu moja ya gari. Ongeza glavu 1 ya kuoshea ya maikrofaiba (kitambaa cha nyuzi nyembamba sana), taulo 1 kubwa nene ya kukaushia, vitambaa 6 vidogo vya maikrofaiba, na chupa 1 ya shampuu ya gari. Ndoo kuukuu na brashi laini ziwe za rimu peke yake, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma ambazo hazitakiwi kukaribia mlango wala boneti. Rimu zioshwe kwanza, zikiwa zimepoa. Baada ya hapo anzia paani ukishuka, na sehemu za chini za milango, zinazobeba matope mengi, ziwe za mwisho.

Fedha zikipungua, nunua chupa ndogo ya shampuu, lakini idadi ya vitambaa usiiguse. Nta, dawa ya kung'arisha matairi na manukato ya ndani vinaweza kungoja mwezi ujao. Wala usijidanganye kwamba fulana ya pamba kutoka soko la mitumba la Gikomba itafaa badala ya glavu: haina nyuzi ndefu za kuunyanyua mchanga kutoka kwenye rangi, na mishono yake inakwaruza.

Swali: Je, sabuni ya vyombo au ya unga haiwezi kufanya kazi hiyo hiyo?

Jibu: Haiwezi, na ninasikitika kwamba swali hili hurudi kila mara kana kwamba halijawahi kujibiwa. Sabuni ya vyombo imeundwa kukata mafuta, kwa hiyo ukiitumia kila wiki huidhoofisha nta inayoikinga rangi. Ya unga ni kali zaidi, na punje zake ambazo hazikuyeyuka husugua rangi kama mchanga. Anayeniambia kwamba jirani yake huitumia na gari linang'aa, na alitazame gari hilo saa sita mchana, juani. Tena, nawasihi wasomaji wasinunue shampuu inayopimwa kutoka kwenye mtungi usio na lebo. Kama chupa haionyeshi kipimo cha kuchanganya na maji wala alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hujui unachopaka kwenye mali yako wala kinachopita mikononi mwako.

Swali: Naishi ghorofa ya nne Roysambu. Maji huja siku mbili kwa wiki, na mwenye nyumba amekataza mpira wa maji uwanjani. Je, nikubali tu kulipeleka gari kituo cha kuoshea?

Jibu: La, dada, na mwenye nyumba wako ana haki. Jiji linalotegemea bwawa la Ndakaini kule Murang'a kwa sehemu kubwa ya maji yake halina maji ya kuachiwa yatiririke nusu saa kwa ajili ya gari moja, huku majirani wakipanga madumu.

Tafuta shampuu isiyohitaji kusuuzwa. Ndoo moja ya lita 10 inatosha gari dogo. Kazi ya kimiminika hiki ni kuilainisha chembe ya vumbi na kuizungushia utando, ili iondoke bila kukwaruza. Weka vitambaa 8 ndani ya ndoo na ukitoe kimoja kikiwa kimelowa vizuri. Kipitishe juu ya rangi kwa mstari mmoja ulionyooka, bila kukandamiza, ukikigeuza upande kila mara. Kikishachafuka kiweke kando, kisirudi ndooni hata kwa bahati mbaya, kisha ukaushe sehemu hiyo kwa taulo kabla ya kuendelea. Hapa idadi ya vitambaa ndiyo inayochukua nafasi ya wingi wa maji.

Njia hii inafaa kwa vumbi la kawaida. Gari likitoka Embakasi au Athi River wakati wa mvua, likiwa na ule udongo mweusi unaonata, usiliguse kwa kitambaa kabla matope hayajalainishwa na kuteremshwa kwa maji. Kwa siku hiyo moja, lipa mtu mwenye mashine ya presha akusuuzie tu, kisha umalizie mwenyewe.

Swali: Kwetu tunatumia maji ya kisima, na kila nikiosha gari hubaki na madoa meupe. Nibadilishe shampuu?

Jibu: Shampuu haina kosa. Maji yakikauka juani, madini yaliyoyeyuka ndani yake hubaki juu ya rangi. Osha asubuhi kabla boneti haijapata moto, au jioni, na ukaushe mara moja kwa taulo. Madoa mapya hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa: pangusa, ngoja dakika moja, kisha suuza vizuri. Yale yaliyokwisha kula klia yanahitaji kung'arishwa kwa mashine, na kila unapong'arisha unapunguza tabaka ambalo halirudi.

Swali: Ninunue mashine ya presha?

Jibu: Bado.

Swali: Kazini naegesha karibu na mzunguko wa Nyayo, chini ya miti wanamolala korongo mfuko-shingo. Kinyesi chao nikikwangue na nini?

Jibu: Usikwangue kamwe. Kina asidi, na jua hukifanya kiiume rangi haraka. Beba chupa ya maji na vitambaa 2 ndani ya buti la gari. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa kwa dakika 5, kisha ukiinue pamoja na uchafu. Maua ya jakaranda ya mwezi wa Oktoba nayo yaondolewe kabla hayajanyauka na kunata. Nta huongeza muda kidogo kabla asidi haijaifikia rangi, basi hapa ndipo ninapokubali uinunue. Lakini dawa bora kuliko zote ni kubadilisha mahali pa kuegesha.

Swali: Fundi hupaka matairi na injini mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli ili ving'ae. Ni salama?

Jibu: Si salama. Mafuta hayo huharibu mpira, na injini iliyopakwa kitu kinachowaka ni hatari ya moto. Hali kadhalika, dawa ya kung'arisha dashibodi isifike kwenye usukani wala pedali, kwa maana mguu ukiteleza kwenye breki hapana muda wa kujuta.

Swali: Vitambaa vya maikrofaiba vifuliwe vipi?

Jibu: Vifue mbali na nguo za pamba, kwa sabuni ya maji na maji vuguvugu, bila kilainisha nguo, kwa sababu kilainisha huzipaka nyuzi na kuzifanya zishindwe kunyonya. Vianike pasipo vumbi. Katika kituo kimoja cha kuoshea magari, niliona taulo ikianguka chini, ikaokotwa na kuendelea kuufuta mlango wa gari langu. Mikwaruzo ile ningali nayo hadi leo. Kitambaa kikianguka kwenye changarawe, kisiguse rangi tena. Kihamishie kwenye ndoo ya rimu.